Kabla hujanunua balbu kali, angalia taa yenyewe

Mhariri,

Salamu kutoka Malindi. Hapa kila unapokaa, kwa kinyozi, barazani, kwa muuza kahawa, ukitaja safari ya usiku utasikia lalamiko lile lile, kwamba ukirudi kutoka Mombasa unapigwa na mwanga wa anayekuja mpaka hujui lami imeishia wapi, alafu huyo huyo anayelalamika kesho yake utamkuta duka la spea anaulizia balbu kali zaidi ili na yeye awapige wenzake. Mie kazi yangu ni kupiga rangi magari, nakwaruza na kupaka kutwa, na nataka kusema jambo ambalo mafundi wenzangu wengine hawatafurahia likitoka gazetini. Magari mengi yanayoletwa kwangu ati taa hazioni, balbu ni nzima. Ile plastiki ya mbele ndo imekufa. Mwanga unatoka kwenye balbu vizuri tu, unafika pale unakwama, mwingine unarudi ndani, mwingine unatawanyika ovyo na kuingia machoni mwa anayekuja, kidogo kinachobaki ndo kinafika barabarani.

Ndugu zetu wa Lamu mjini wao wamepumzika, punda hana hedilaiti, lakini wakishavuka Mokowe wakapanda gari tuko nao pamoja.

Wazee mnakumbuka Peugeot 504 na zile Land Rover za zamani, taa zilikuwa za kioo kitupu. Kioo kinapasuka jiwe likiruka lakini hakigeuki njano, gari laweza kuoza lote likabaki fremu na taa bado nyeupe. Alafu Marekani mwaka 1983 wakaruhusu taa za plastiki, na wengine wakafuata, na sa hizi karibu kila gari dogo unaloliona pale stendi taa zake ni polikaboneti. Ni plastiki ngumu kweli kweli, nyepesi, haivunjiki ovyo, na inafinyangwa umbo lolote ndo maana magari ya siku hizi taa zimelala mpaka juu ya boneti. Ubaya wake ni kwamba inakwaruzika upesi na jua inaliogopa. Kiwandani wanalijua hilo, kwa hivyo juu yake wanapaka utando mgumu mwembamba ambao huwezi kuuona kwa macho, huo ndo unaopigwa na UV, ile miale mikali ya jua isiyoonekana, badala ya plastiki yenyewe. Utando ukiisha plastiki iko uchi, na hapo safari ya njano inaanza.

Sasa hebu lilete gari hilo Malindi. Tuko nyuzi tatu na kitu tu kusini mwa ikweta, hatuna miezi ya baridi ya kulipumzisha. Shirika la wenye magari la Marekani, AAA, lilipima mambo haya mwaka 2018 na likasema taa zinaweza kuanza kuonyesha kuchakaa gari likiwa na miaka 3 hadi 5 tu. Sheria ya hapa kwetu inakubali gari la mtumba lisizidi miaka 8, na mnajua wenyewe wengi wetu tunanunua la miaka saba sababu ndo bei inaposhikika. Yani gari linashuka pale bandarini Kilindini umri wa taa ushapita zamani. Ukiona zinang'aa usifurahi sana, inawezekana kuna mtu kazipiga polishi ili zipendeze kwenye picha, na polishi bila kinga juu yake ni kazi bure, nitalieleza hili mbele manake ndo kiini cha barua yangu.

Hao hao AAA walikuta taa iliyochakaa inatoa kama asilimia 20 tu ya mwanga wa taa mpya. Ishirini, Mhariri. Zikisafishwa vizuri zinarudi mpaka karibu asilimia 70, na ukinunua mpya za kampuni iliyounda gari unapata mia kwa mia, na mpya za makampuni mengine kati ya 83 na 90. Kwa hivyo sisemi kusafisha kunarudisha taa ya kiwandani, fundi akikwambia hivo anakuuzia maneno. Lakini kutoka 20 mpaka 70 ni tofauti ya kumwona mtu na kutomwona.

Fikiria ile sehemu ya msitu wa Arabuko Sokoke kabla hujafika Gede. Hakuna nguzo ya taa, giza totoro, na barabarani kuna mama anatoka sokoni, kuna baiskeli haina riflekta, kuna mbuzi, kuna boda kazima taa ati anaokoa betri. Ukienda kilomita 80 kwa saa, ambayo ndo mwisho wa matatu kisheria, kila sekunde moja unakula mita 22. Mpaka ushtuke, mguu ufike kwenye breki, na gari lisimame, kwenye lami kavu na breki nzuri weka mita kama 70. Taa ya dimu, ule mwanga wa chini wa kupishana, ikiwa nzima inakuonyesha vizuri mita hamsini hivi, kwa hivyo hata mwenye gari jipya akienda 80 kwa dimu tayari anaendesha kwa kudra. Sasa mwanga huo ubaki sehemu moja kati ya tano, wewe piga hesabu mwenyewe.

Taa iliyochoka utaijuaje? Wengi wanangoja iwe njano kama binzari ndo wastuke, lakini kabla ya hapo kuna dalili. Ya kwanza angalia ukingo wa juu wa taa, ile sehemu inayotazama mbinguni, manake hapo ndo jua linapiga zaidi na hapo ndo utando unaanza kubabuka, utaona kama magamba madogo yana mipaka, ukipitisha kucha inakwama. Chini ya taa bado kunaweza kuwa kusafi kabisa. Tena mara nyingi taa ya upande mmoja imechoka kuliko ya pili, ukimuuliza mwenye gari anakwambia analipaki pale pale kila siku na upande huo ndo unaotazama jua la alasiri. Ya pili ni maji. Chukua kikombe cha maji mwagia taa iliyofifia. Kama maji yakiwa juu yake taa inakuwa safi unaona mpaka ndani, na ikikauka ukungu unarudi, basi ugonjwa uko nje na unatibika, kwa sababu maji yamejaza ile mikwaruzo kwa muda. Kama umemwagia maji na iko vile vile, usipoteze nguvu kusugua, ugonjwa uko ndani. Huenda maji yameingia, hasa magari yanayooshwa kwa presha na kijana kaelekeza bomba kwenye boneti kwa mapenzi yote, au ile fedha ya ndani inayorudisha mwanga imeungua na kubanduka. Maji yanatolewa, unafungua kifuniko cha balbu unaliacha ndani ya gereji likauke na unatafuta yameingilia wapi. Fedha ikishababuka hiyo taa ni ya kubadilisha tu.

Haya, tuje kwenye dawa za mitaani.

Kijana mmoja wa Probox alinijia amekasirika kwelikweli. Anabeba samaki alfajiri, anatoka Ngomeni kuleta Malindi mjini, njia ile ina vumbi na malori ya chumvi. Akanambia, "Fundi, nimetia balbu za elfu tatu na bado sioni kitu, wewe angalia tu hizi waya." Nikamwambia ami, waya ntaziangalia, lakini kwanza nambie hii nyeupe kwenye kona za taa ni nini. Akacheka. Dawa ya meno. Alikuwa anasugua kila Ijumaa. Na kweli dawa ya meno inafanya kazi kidogo, ina chengachenga laini za kusugulia kwa hivyo inaondoa ukungu wa juu na unaona taa imeng'aa, lakini kila ukisugua unazidi kula ule utando uliobaki bila kurudisha kitu, na jua linakushukuru. Afadhali huyo. Kuna wanaopaka mafuta ya taa, kuna wa mafuta ya breki, kuna wa petroli na thina, na kuna waliosikia kwamba dawa ya mbu ya kujipaka inasafisha taa. Inasafisha wapi! Zile zenye DEET, ile kemikali ya kufukuza mbu, zinayeyusha ngozi ya plastiki, kwa dakika tano inaonekana laini inang'aa, alafu inabaki inanata na inameza vumbi. Thina na petroli ndo mbaya zaidi, zinaleta nyufa nyembamba nyembamba ndani ya plastiki ambazo hakuna msasa utakaozifikia, nimeona taa nzuri tu zimeharibiwa namna hiyo na mwenyewe anashangaa.

Yule wa Probox tukamwagia maji taa zikawa safi, kwa hivyo ugonjwa ulikuwa nje. Balbu zake za elfu tatu tukazitoa. Hapa niseme kidogo kuhusu balbu sababu watu hawanielewi. Balbu ya kawaida ya halojeni, ile H4, ina nyuzi mbili, wati 60 za fulu, ule mwanga wa mbali, na 55 za dimu, na riflekta, ile fedha ya ndani, nzima imechongwa kwa kufuata pale uzi ulipokaa. Ukichomeka LED ya bei nafuu ambayo chipu zake hazikai pale pale, mwanga hauna adabu tena, unakwenda juu, unakwenda pembeni. Ukitia zile za wati 90 kwa 100 joto linakula holda, linakula waya, na linababua ile fedha ndani. Na zote mbili ukiziweka nyuma ya plastiki yenye ukungu umefanya nini? Mwanga umezidi, ukungu ni ule ule, kinachozidi ni ule unaotawanyika. Wewe unaona ukuta mweupe mbele yako na mwenzako anayekuja haoni kitu kabisa. Nusu ya hawa wanaotupiga na mwanga njiani si kwamba wamewasha fulu, wamewasha dimu kupitia plastiki iliyokufa, ukimpigia taa na yeye anakurudishia kwa hasira akuonyeshe kwamba alikuwa kwenye dimu.

Tena kabla ya balbu angalia athi, ule waya unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari. Huu upepo wetu wa bahari una chumvi, waya wa athi unashika kutu pale unapofungwa kwenye bodi, umeme unafika kwenye balbu umechoka. Volti ikishuka asilimia 10 tu mwanga unashuka kama asilimia 30. Kusafisha athi ni msasa kidogo na spana.

Sasa kazi yenyewe, na naieleza yote ili mtu aweze kuifanya nyumbani Jumapili, mtasema fundi gani anayefukuza wateja, sawa tu.

Unaosha taa kwa maji na sabuni kwanza mpaka mchanga wote utoke, usikwepe hili, chembe moja ya mchanga ikibaki chini ya msasa itakuchorea mstari utakaokutoa jasho. Unazungushia masking tepu kwenye rangi, mara mbili mbili, sababu msasa ukigusa bodi utakuja kwangu kwa kazi nyingine. Msasa uwe ule wa maji, mweusi. Namba ikiwa ndogo ndo msasa mkali, kwa hivyo kama utando umeshababuka magamba anza na namba 600, kama ni ukungu tu anza na 1000, hakuna haja ya kuumiza. Loweka msasa kwenye ndoo yenye sabuni kidogo, ufunge kwenye kipande cha sponji ngumu, sugua ukiwa umelowa muda wote, kushoto kulia kushoto kulia, taa nzima, usikazanie pale palipo pabaya peke yake utapafanya bonde.

Hapo ndo pazuri pa kuangalia. Mwanzo maji yanayoteremka kwenye bampa yanakuwa ya njano, kama chai ya maziwa, huo ndo utando wa zamani na plastiki iliyoungua unatoka. Pale pengine pananata, msasa unavuta, ujue bado kuna utando haujatoka. Endelea mpaka maji yawe meupe kama maji ya kuoshea mchele na mkono uwe unateleza sawa taa nzima. Watu wengi wanaacha mapema kwa sababu taa katikati ya kazi inatisha, imekuwa nyeupe pyaa huoni hata balbu, mwenye gari anashika kichwa. Yule wa Probox alinyamaza kimya kabisa akawa anazunguka gari. Lazima ifike pale. Ukiacha visiwa vya utando wa zamani, mwisho wa kazi vitaonekana vyote kama ramani.

Alafu unapanda namba, 1000, 1500, 2000, ukiwa na 3000 vizuri zaidi. Kila ukibadilisha msasa badilisha na mwelekeo, kama 1000 ulikwenda kushoto kulia basi 1500 nenda juu chini, hivo utajua mikwaruzo ya nyuma imeisha manake ile inayolala upande ule haionekani tena. Na badilisha maji ya ndoo. Mashine ya kusaga usiilete hapa, plastiki hii ikipata joto inavurugika na huwezi kuirudisha.

Mwisho wa msasa njia zinagawanyika. Kama huna mpango wa klia, ile vanishi angavu inayopigwa juu ya rangi ya gari, ukimaliza 2000 unapolishi kwa kampaundi, ile dawa nzito ya kung'arisha, na kitambaa laini au bafa, mashine ya kupolishi, ya mwendo wa polepole mpaka uone ndani vizuri. Alafu, na naomba wasomaji wasome hapa mara mbili, lazima upake kinga ya UV. Kuna chupa za kupaka kwa kitambaa, zimeandikwa kabisa ni za hedilaiti na zina UV, zitakupa mwaka na kitu ukibahatika. Nta ya kawaida ya gari inakaa wiki chache tu. Ukiondoka bila kinga yoyote umefanya ubaya kuliko ulivyokuta, sababu hata ule utando mbovu uliokuwa umebaki umeutoa, plastiki iko uchi mbele ya jua la Malindi, na ndani ya miezi michache njano inarudi tena kwa kasi kuliko mwanzo.

Na hapa ndo niliposema wenzangu hawatafurahia. Kuna watu wanakuja kwangu wamefanyiwa polishi tupu mahali, wakalipa, taa zikang'aa kweli, wakaondoka wamefurahi, kabla mwaka haujageuka wamerudi pale pale wakalipa tena. Ni biashara tamu hiyo kwa fundi. Plastiki inazidi kuwa nyembamba kila mara na hakuna aliyemwambia mteja kwamba kilichokosekana ni mkono mmoja tu wa mwisho. Kwa hivyo ukienda kwa fundi yeyote, hata mimi, muulize swali moja tu, mwisho unapaka nini? Akisema polishi inatosha, shika funguo zako.

Njia ya pili ambayo mie naipenda ni klia yenyewe ile ya kuchanganya na hadna, dawa ya kuigandisha, ya magari. Hapo huhitaji hata kupolishi. Unaishia msasa wa 1000 au 1500, taa bado ina ukungu na watu wanafikiri hujamaliza, lakini klia inahitaji ule mkwaruzo iushike, na ikishalala inajaza yote na taa inakuwa safi mbele ya macho yako, kila mteja hapo anasema mashallah. Safisha kabla kwa pombe ya isopropili, taa ikauke kabisa, usiguse tena kwa kidole. Piga mkono mwepesi kwanza, ungoje, alafu mbili zilizoshiba. Ile klia ya mkebe isiyo na hadna ni rahisi na ipo kila mahali, lakini kwa jua letu inachubuka mapema, mie siipigi taa. Na chagua saa. Msimu wa kusi upepo ukiamka unakuja na mchanga, kwa hivyo napiga asubuhi umande ukishakauka na kabla miti haijaanza kutikisika, ukichelewa unaokota vumbi kwenye klia mpaka jioni.

Hadna si mchezo. Zile kemikali zinashika mapafu na zinaleta pumu, kitambaa cha kufunga mdomoni hakizuii kitu, inatakiwa barakoa ya mafundi rangi yenye vichujio vya mvuke na upige mahali pa wazi, watoto wawe mbali. Kama huna barakoa hiyo, mwachie mwenye nayo hatua hii moja, msasa fanya mwenyewe umlipe klia tu. Wengine watakataa, wengine watakubali.

Taa ikishapona itunze. Usifute vumbi kwa kitambaa kikavu, hasa ukitoka ufukweni au njia ya Gongoni, ule mchanga na chumvi iliyokauka ndo msasa wenyewe, mwagia maji kwanza. Ukipaki kutwa kazini geuza uso wa gari uelekee ukutani au kivulini. Mie nilimwambia dereva mmoja wa watalii awe anafunika taa kwa leso akiwa amepaki kutwa pale Casuarina, wenzake wakamcheka sana wakimwambia gari lako limeolewa, lakini taa zake bado nyeupe.

Jambo jingine ambalo sijui kwanini halifundishwi. Magari mengi ya Japani yana kijigurudumu kidogo karibu na usukani kina namba kuanzia 0. Hicho ni cha kuinamisha taa. Sifuri ni gari likiwa tupu, ukipakia nyuma, pua inainuka na dimu yako inakuwa fulu kwa anayekuja, kwa hivyo unaongeza namba na taa inainama. Probox imebeba samaki mpaka matairi ya nyuma yamelala, kigurudumu kiko sifuri toka gari lishuke melini. Kigeuze tu, ni bure kabisa. Na ukimaliza kazi ya taa paki mbele ya ukuta mahali tambarare uangalie, mwanga wa dimu ukatike chini kidogo ya kimo cha taa yenyewe na upande wa kushoto ndo upande juu kidogo, uonyeshe ukingo wa barabara na watu wanaotembea pembeni. Ukiona unaopanda ni wa kulia, umeuziwa taa iliyotengenezwa kwa nchi wanaoendesha kulia, na hizo zipo madukani, kila anayekuja utamchoma machoni hata ufanye nini.

Kwa taa ambazo ni za kubadilisha kweli, fedha imekwisha au plastiki ina nyufa, nunua mbili kwa pamoja, ukibadilisha moja gari linakuwa chongo. Ukienda kwenye mitumba nenda na chupa ya maji, mwagia kabla hujalipa, muuzaji akinuna muache anune. Na hata hizo mpya kabisa zisizo za kampuni ya gari, ukizitia tu zipake kinga siku ile ile.

Ombi langu kwa wanaohusika na ukaguzi ni dogo. Taa isiangaliwe tu kama inawaka. Japani kwenye ukaguzi wao dimu inapimwa kwa mashine na kila upande lazima ufikie kandela 6,400, ndo kipimo cha ukali wa mwanga, haifiki gari halipiti. Sisi tunachukua magari yao, tungechukua na hicho kipimo, hata kuanza na matatu na magari ya shule peke yake. Na wewe Mhariri, kwenye zile kurasa za magari ambazo kila mara ni gari jipya la mamilioni, mtutilie siku moja picha kubwa ya taa iliyobabuka ukingo wa juu, watu waone kwa karibu, manake nikiieleza kwa mdomo hapa wananiambia nawatafutia kazi.

Yule kijana wa samaki ukinisoma, ile klia iache siku mbili tatu kabla hujaisugua na kitu, na zile balbu zako usimuuzie mtu.

Fundi wa rangi,
Maweni, Malindi